Ndui ya Nyani: Habari ya Kweli Hulinda Nyumba

1. Mji wa njia nyingi

Kisangani ni mji wa njia nyingi. Meli zinazopanda mto Kongo kutoka Kinshasa huishia hapa, kwa sababu mbele yake kuna maporomoko, nazo haziwezi kuyapita. Mitumbwi huja kutoka Isangi na Basoko. Barabara hutoka Buta, Bafwasende na Ituri. Reli hutoka Ubundu. Kila siku watu huteremka na mizigo yao: mchele, mihogo, ndizi, samaki wa kukaushwa, nyama ya pori.

Njia ni baraka kwa mji. Bila njia hakuna soko, na bila soko wengi wangelala na njaa. Lakini njia haichagui mpita njia. Inayomleta mfanya biashara ndiyo inayomleta mgonjwa. Kwa hiyo watu wa Kisangani, kuliko watu wa mahali palipofichika, wanapaswa kujua mapema habari za magonjwa ya kuambukiza.

Katika somo hili tutajifunza habari za ugonjwa mmoja uitwao ndui ya nyani. Tutaona unatoka wapi, unaambukizaje, na mtoto wa shule anaweza kufanya nini ili watu wa nyumbani kwake wakae salama.

2. Kirusi ni kitu gani?

Magonjwa mengine huletwa na vijidudu vidogo mno vinavyoitwa virusi. Ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kirusi hakina miguu wala mabawa. Hakiwezi kwenda peke yake kutoka Mangobo mpaka Makiso. Ni lazima kibebwe. Hubebwa na mtu, au na mnyama, au na kitu kilichoguswa na mgonjwa.

Tena kirusi hakiwezi kuzaana nje ya mwili. Kikiingia ndani ya mwili, hapo ndipo huongezeka, na mtu huugua.

Mkilielewa neno hilo moja, mmekwisha kuelewa nusu ya somo. Kwa kuwa kirusi hubebwa, mtu anaweza kukikatia njia. Kuosha mikono ni kukata njia. Kumtenga mgonjwa kwa upendo ni kukata njia. Kusema kweli mapema ni kukata njia.

3. Ndui ya nyani ilijulikanaje?

Zamani kulikuwa na ugonjwa wa kutisha ulioitwa ndui. Uliua watu wengi sana katika nchi zote za dunia, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine na upofu. Madaktari walichanja watu kijiji kwa kijiji. Mtu wa mwisho aliyepata ndui katika njia ya kawaida aliugua mwaka 1977 katika mji wa Merka, nchi ya Somalia, naye alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

Tazameni mkono wa koko yenu. Huenda mtaona kovu dogo la mviringo karibu na bega. Huenda hilo ni kovu la chanjo ya ndui. Wazee wengi wanalo. Ninyi hamnalo, kwa sababu ndui ilipokwisha, kuchanja nako kuliachwa.

Lakini ndui ilikuwa na ndugu yake mdogo msituni. Mwaka 1958, katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, wataalamu waliona ugonjwa unaofanana na ndui kwa nyani waliofungiwa kwa ajili ya uchunguzi. Kwa hiyo waliuita ndui ya nyani. Mwaka 1970 mtoto wa miezi 9 aliugua hapa Kongo, katika eneo la Basankusu, jimbo la Equateur. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyejulikana kuupata.

Jina hilo linaweza kuwadanganya watu. Nyani si mwenye ugonjwa huu. Yeye naye huambukizwa kama sisi. Wataalamu hudhani kwamba kirusi hukaa hasa katika wanyama wadogo wa msitu, kama vile kindi na panya wa porini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliupa ugonjwa jina jipya, mpox, na jina hilo ndilo linalosikika sana redioni.

Chanjo ya ndui ilikuwa inakinga pia ndui ya nyani. Wazee waliochanjwa wana kinga kiasi, watoto hawana. Hiyo ni sababu moja iliyofanya ugonjwa uongezeke. Mwaka 2023 walihesabiwa katika Kongo watu zaidi ya 14,000 walioshukiwa kuwa nao, na zaidi ya 600 walikufa. Wengi wao walikuwa watoto wasiofika miaka 15. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari kwa dunia nzima. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, lakini kirusi chenyewe hakikuondoka msituni. Ndiyo maana somo hili lafaa kujulikana hata siku ambazo redio iko kimya.

4. Huambukizaje?

Ndui ya nyani hupita kwa njia hizi:

Kwanza, kwa kugusa upele au malengelenge ya mgonjwa.

Pili, kwa kutumia vitu vyake: blanketi, shuka, taulo, nguo, kikombe. Watoto wengi wakilala kitanda kimoja na mgonjwa, ugonjwa huwapata upesi.

Tatu, kwa kukaa karibu sana na mgonjwa, uso kwa uso, muda mrefu. Mate na pumzi yake huweza kubeba kirusi.

Nne, kwa kushika mnyama wa pori aliye mgonjwa au aliyekufa, kumchuna, au kukata nyama yake mbichi. Nyama iliyopikwa mpaka imeiva vizuri haina hatari hiyo. Hatari iko mikononi mwa anayeitengeneza. Mtoto akikuta kindi au nyani amekufa njiani, asimguse, wala asimbebe kwenda nyumbani kana kwamba amepata bahati.

5. Dalili zake

Baada ya kirusi kuingia, mtu hukaa siku kadhaa bila kuona kitu. Huweza kufika siku 21. Halafu huja homa, kichwa kuuma, mgongo na viungo kuuma, na uchovu. Tezi huvimba: shingoni, chini ya taya, kwapani au kinenani. Kuvimba kwa tezi ni alama kubwa ya ndui ya nyani.

Kisha upele hutoka. Mara nyingi huonekana usoni, mikononi na miguuni, hata katika viganja na nyayo. Upele huwa malengelenge, malengelenge hujaa usaha, mwishoni hukauka na kuwa magamba. Magamba yakianguka yote na ngozi mpya ikifunika mahali pake, hapo mgonjwa haambukizi tena. Kwa kawaida huchukua wiki mbili mpaka nne.

Kila upele si ndui ya nyani. Kuna tetekuwanga, kuna surua, kuna upele wa kuwasha. Mama hawezi kupambanua kwa macho tu, wala mwalimu, wala jirani. Muuguzi huchukua majimaji au magamba ya upele, nayo hupelekwa mahali pa uchunguzi. Kwa hiyo mtoto mwenye homa na upele apelekwe kituo cha afya, asihukumiwe barabarani.

6. Nyumba moja ya Mangobo

Tuseme hivi. Katika komini ya Mangobo kuna nyumba yenye watu saba. Mama huuza kwanga sokoni. Baba huendesha toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria. Msichana mkubwa anasoma darasa la nne. Mdogo wake wa mwisho ana miaka mitatu.

Siku ya jumatatu mtoto mdogo amepata homa. Siku ya alhamisi upele umetoka usoni na viganjani. Jirani akaja, akatazama, akasema kwa sauti ya chini, “Mama, hiyo si ya hospitali. Kuna mtu amewatupia kitu.” Akaenda zake.

Usiku mama alimwambia mumewe, “Tusimwambie mtu. Nikisema mtoto ana upele, nani atanunua kwanga yangu? Na tusipouza, tutakula nini?”

Mama huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Watu humkimbia mgonjwa, na humkimbia pia mwenye kumtunza.

Msichana alisikia. Wiki iliyopita mkubwa wa shule alikuwa ameandika barua kwa wazazi, kwa Kiswahili na kwa Lingala, na kila mwanafunzi alipewa moja. Alikuwa ameitia katikati ya daftari la hesabu. Akaitoa, akapiga magoti mbele ya mama yake, akasema, “Mama, samahani. Naomba nikusomee karatasi ya shule.”

Akasoma polepole karibu na taa. Barua ilisema: Mtoto mwenye homa na upele asije shuleni, apelekwe kituo cha afya. Hatafukuzwa shuleni. Nafasi yake itamngoja. Mtu asimcheke. Nao watoto wasilale naye kitanda kimoja.

Baba alinyamaza kitambo. Halafu akasema, “Mama watoto, ukificha moshi, moto hauzimiki. Kesho asubuhi nitampeleka.”

Asubuhi alimfunika mtoto vizuri, akampeleka kwa baiskeli yake, wala hakuchukua abiria siku ile. Muuguzi alimtazama mtoto, akachukua majimaji kidogo ya upele kwa uchunguzi, akatoa dawa ya kutuliza homa. Mtoto alikuwa akinywa vizuri na kupumua vizuri. Basi akaruhusiwa kutunzwa nyumbani, naye muuguzi akaahidi kuja kumwona. Akaagiza hivi:

“Mtoto alale peke yake. Mtu mmoja tu amtunze, avae glavu na kufunika pua na mdomo. Upele uoshwe kwa maji safi na sabuni, usipakwe majani wala mavi ya ng’ombe. Mkate kucha zake asijikune. Mpeni maji mengi na uji. Nguo zake zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni. Akishindwa kunywa, au akipumua kwa shida, au macho yakiuma, mumlete upesi, hata usiku.”

Kisha akamwambia mama neno gumu: “Wewe unayemtunza, usipike kwanga ya kuuza mpaka mtoto apone.”

Mama alilia kidogo. Ilikuwa ni hasara ya kweli. Lakini shangazi ya watoto, aliyekaa komini ya Tshopo, alikubali kutengeneza kwanga nyumbani kwake mwenyewe na kuiuza mahali pa mama. Faida haikuwa kama zamani, bali chungu hakikukaa kitupu.

Msichana hakuwa na dalili. Muuguzi alimruhusu kusoma, ila kila asubuhi kwa siku 21 alipaswa kutazamwa kama ana homa au upele. Siku ya kwanza wavulana wawili walisogeza benchi mbali naye, wakacheka. Mwalimu hakupiga kelele. Aliwauliza tu, “Nyumba gani ni salama zaidi: ile iliyosema, au ile inayoficha?” Darasa lilinyamaza. Mmoja akajibu, “Iliyosema, Mwalimu.” “Basi,” akasema mwalimu, “mwenzenu amewalinda ninyi nyote. Rudisheni benchi.”

Baada ya wiki nne magamba yote yalikuwa yameanguka. Mtoto alibaki na alama chache usoni. Katika nyumba ile hakuugua mwingine.

7. Habari ya Yambuku

Habari ya nyumba ile ni mfano tu. Hii inayofuata ilitokea kweli.

Upande wa magharibi wa Kisangani, kaskazini ya mji wa Bumba, kuna misioni ya Yambuku. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulitokea pale. Mmoja wa wagonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya misioni. Hospitali ilikuwa na masista na wauguzi wenye bidii, lakini vifaa vilikuwa vichache. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu, nazo zilisukutwa kwa maji baada ya mgonjwa mmoja, zikatumiwa kwa mwingine. Hawakujua kwamba sindano zilikuwa zinabeba kirusi. Kati ya watu 17 waliofanya kazi katika hospitali, 11 walikufa. Kwa jumla waliugua watu 318, wakafa 280.

Daktari mmoja wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kutoka Kinshasa. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, kwa sababu hazikuwapo. Baadaye alieleza kwamba alinawa mikono kwa maji na sabuni. Yeye hakuugua, akaendelea kupigana na magonjwa ya namna hii maisha yake yote. Ugonjwa ule uliitwa Ebola, jina la mto ulio katika nchi ile.

Je, ugonjwa wa Yambuku ulizimwaje? Hakukuwa na chanjo wala dawa. Hospitali ilifungwa, zile sindano zikaacha kutumiwa. Wazee wa vijiji walifunga njia, na wagonjwa wakatengwa katika nyumba za peke yao. Wazee hao walikuwa wameyajua hayo tangu siku za ndui. Watu walipojua ugonjwa unapita wapi, waliukatia njia, nao ukaisha.

Ebola ni kali kuliko ndui ya nyani, wala si ugonjwa mmoja. Lakini fundisho ni lile lile: wema wa moyo bila maarifa hautoshi, na maarifa yasiyowafikia watu hayaponyi.

8. Habari ya kweli na uvumi

Ugonjwa ukitokea mjini, maneno mengi hutokea pamoja nao. Mmoja husema ni uchawi. Mwingine husema ni uwongo wa wakubwa wanaotafuta franga. Mwingine husema chanjo inaua. Maneno hayo hupanda pikipiki na kuzunguka komini zote kabla muuguzi hajavaa viatu.

Mwanafunzi anayejua kusoma ana kazi hapa. Akisikia neno, ajiulize maswali matatu: Nani amesema? Yeye amejuaje? Kituo cha afya kinasemaje? Asiyeweza kujibu maswali hayo asilipeleke neno hilo nyumba ya pili.

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofika Kongo, shule zote zilifungwa, na Radio Okapi ilitoa masomo hewani kwa watoto waliokaa nyumbani. Hapo ilionekana kwamba redio moja nzuri na mtoto mmoja anayesikiliza vizuri huweza kuifundisha nyumba nzima.

Juu ya chanjo, kweli ni hii. Chanjo za ndui ya nyani zilifika Kinshasa mwezi Septemba 2024, na mwezi Oktoba watu wa kwanza walichanjwa Goma. Jimbo la Tshopo lilikuwa mojawapo ya majimbo yaliyopangiwa kuzipata mwanzoni. Juu ya dawa, kweli ni hii: huko Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru, madaktari walijaribu dawa moja kwa wagonjwa karibu 600. Mwaka 2024 ilionekana kwamba dawa ile haikuharakisha kupona kwa upele. Lakini walipewa chakula, maji, usafi na uangalizi mwema hospitalini, na kati ya wagonjwa 100 walikufa chini ya wawili. Katika nchi kwa jumla waliokufa walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. Basi kutunzwa vizuri na mapema ni dawa kubwa.

9. Yashikeni haya

Nawa mikono kwa maji na sabuni: ukifika shuleni, kabla ya kula, utokapo chooni, na ukirudi nyumbani.

Usiazime kikombe, taulo wala nguo. Usitie mdomoni kalamu ya mwenzako.

Ukiona homa na upele, kwako au kwa ndugu yako, mwambie mzazi na mwalimu siku ile ile.

Usiguse mnyama wa pori mgonjwa wala mfu.

Barua ya shule ifike nyumbani siku ile ile, isomwe kwa sauti, hata koko asiyejua kusoma aisikie.

Usimcheke mgonjwa. Anayechekwa hujificha, na anayejificha huambukiza wengi.

Maneno
kuambukiza: kumpa mwingine ugonjwa ulio nao
tezi: vivimbe vidogo chini ya ngozi, vinavyokua mtu akiugua
malengelenge: upele wenye maji ndani
magamba: ngozi kavu inayofunika upele unaopona
uvumi: habari inayoenea bila kujulikana imetoka kwa nani

Maswali
1. Kwa nini meli za kutoka Kinshasa huishia Kisangani?
2. Kirusi hubebwa na nini? Taja vitu vitatu.
3. Kwa nini wazee wana kinga kuliko watoto?
4. Mama wa Mangobo aliogopa nini? Je, hofu yake ilikuwa na sababu?
5. Nani aliisaidia nyumba ile, na kila mmoja alifanya nini?
6. Sindano za Yambuku zilibeba ugonjwa kwa namna gani?
7. Mgonjwa wa ndui ya nyani huacha kuambukiza lini?

Kazi ya nyumbani
Waombe wazazi au koko wakuonyeshe kovu la chanjo, kama wanalo. Waulize walichanjwa wapi, na wanakumbuka nini. Kisha wasomee sehemu ya tisa ya somo hili, na uandike sentensi tano juu ya maneno waliyokuambia.